Kamati, kitengo cha pamoja au dawati la juu: namna ipi ya kuunganisha afya ya binadamu na ya wanyama inakufaa?

Agosti 1999, hospitali moja ya Queens, New York, ilitoa taarifa ya wagonjwa waliovimba ubongo na kulegea misuli. Mwanzoni mwa Septemba ikatangazwa kuwa ni homa ya ubongo ya Saint Louis, inayoenezwa na mbu. Siku zilezile kunguru walikuwa wakianguka mitaani, na katika bustani ya wanyama ya Bronx heroe walikuwa wakifa. Mtaalamu wa patholojia wa bustani hiyo, Tracey McNamara, aliona kitu kisichoingia akilini. Virusi vya Saint Louis kwa kawaida haviui ndege. Emu nao, ndege wakubwa wanaofanana na mbuni, ambao hufa upesi wakipatwa na homa ya ubongo ya farasi ya mashariki, walikuwa wazima kabisa. Kwa hiyo si ugonjwa huu wala si ule. Ilipofika mwishoni mwa Septemba ndipo ikathibitika kuwa ni virusi vya Nile Magharibi, ambavyo vilikuwa havijawahi kuonekana katika Amerika. Watu 62 walithibitishwa kuugua na 7 wakafa.

Utaalamu ulikuwapo pande zote mbili. Kilichokosekana ni njia rasmi ya kumfikisha kunguru aliyekufa kwenye meza ya anayesoma faili la mgonjwa. Kazi ya kutengeneza njia hiyo ndiyo inayoitwa Afya Moja, na ina uzito wa kutosha: takriban asilimia 60 ya magonjwa ya kuambukiza yanayojulikana kwa binadamu chanzo chake ni wanyama, na kwa magonjwa mapya yanayoibuka kiwango hicho hufika kama asilimia 75.

Nchi zimejenga njia hiyo kwa namna nyingi, ila ukizichambua utakuta tatu: kamati ya wataalamu inayokutana kwa ratiba, kitengo cha kudumu kinachomilikiwa na wizara mbili, na dawati la uratibu lililowekwa juu ya wizara zote. Hapa tunazilinganisha kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua, awe ngazi ya taifa au ya wilaya. Baada ya hapo tunalinganisha mambo ambayo jina la mfumo haliyatatui: takwimu, maabara, kazi ya uwandani na fedha.

Kwanza, mnakwama wapi?

Wengi huanza kwa kuchora chati ya ofisi. Anza na kwamo lenu. Chukueni matukio matatu ya mwisho yaliyogusa watu na wanyama, kisha andikeni tarehe tano kwa kila tukio: mnyama wa kwanza alipoonyesha dalili, mtu wa kwanza alipougua, upande mmoja ulipoujulisha mwingine, matokeo ya maabara yalipotoka, na hatua ya kwanza ya udhibiti ilipochukuliwa. Pengo kubwa kuliko yote ndilo kwamo lenu. Likiwa kati ya mnyama na simu, ni kwamo la taarifa. Likiwa kati ya matokeo na hatua, ni kwamo la uamuzi. Kama kila mtu alijua la kufanya lakini gari halikuwa na mafuta, ni kwamo la fedha.

Hapa lipo kosa linalojirudia sana. Kipimo cha 7-1-7, yaani siku 7 za kugundua, siku 1 ya kutoa taarifa na siku 7 za kukamilisha hatua za mwanzo, mara nyingi huanza kuhesabiwa kwa mgonjwa wa kwanza aliye binadamu. Ripoti inatoka nzuri, kumbe mbuzi walikuwa wanatupa mimba miezi kadhaa nyuma. Kwa ugonjwa wa wanyama, saa ianze kwa mnyama.

Kamati ya wataalamu

Uingereza ina kundi liitwalo HAIRS, ambalo tangu 2004 hukutanisha wataalamu wa afya ya binadamu na ya wanyama kila mwezi kupitia dalili za maambukizi mapya na kuyapima hatari yake kwa watu. Uholanzi ilianzisha kikao cha namna hiyo mwaka 2011, baada ya homa ya Q, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mbuzi na kondoo, kuwapata watu zaidi ya 4,000 kati ya 2007 na 2010. Ule mlipuko ni wa kusomwa kwa makini. Mashamba ya mbuzi wa maziwa yalikuwa yakiona mimba zikitoka kwa wingi tangu 2005. Watu walianza kuugua kwa wingi 2007. Kutoa taarifa ya mimba kutoka kukawa lazima 2008. Kuwaua mbuzi wenye mimba katika mashamba yaliyoambukizwa, zaidi ya 50,000, kulianza Desemba 2009. Faragha ya anuani za mashamba ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa katikati ya hayo yote.

Kamati ni rahisi kuanzisha. Inahitaji watu 8 hadi 15, katibu mmoja mwenye muda wa kazi hiyo, nusu siku kila mwezi, na fomu moja ya kupima hatari inayotumiwa na pande zote. Inaweza kusimama ndani ya wiki sita bila sheria mpya.

Nayo huharibika kwa namna ileile karibu kila mahali. Kikao cha kwanza anakuja mkurugenzi, cha pili msaidizi wake, cha nne anakuja mtu ambaye hajui kilichozungumzwa na hana idhini ya kuahidi lolote. Dawa yake ni kuandika jina la mtu na jina la mbadala wake, si cheo peke yake; muhtasari utoke ndani ya saa 48; na kila azimio liwe na mtu mmoja wa kulijibia. Azimio lililoandikwa "wizara husika zitafuatilia" halina mwenyewe.

Udhaifu wake wa ndani ni kwamba kamati hushauri tu. Uganda ilijaribu kuipa uzito mwaka 2016 kwa makubaliano yaliyotiwa saini na pande nne: afya, kilimo na mifugo, maji na mazingira, na mamlaka ya wanyamapori. Kuingiza wanyamapori kama mtia saini kamili ni uamuzi wa busara. Katika kamati nyingi mtu wa wanyamapori ni mwalikwa, na mwalikwa haitwi usiku.

Kitengo cha pamoja

Kenya ilianzisha kitengo cha magonjwa ya wanyama yanayoambukiza binadamu mwaka 2012, kikiwa chini ya wizara mbili, mhimili wake ukiwa mtaalamu wa epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa magonjwa) kutoka upande wa tiba na mwenzake kutoka upande wa mifugo. Kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa kukubaliana kipi kitangulie. Mwaka 2015 orodha ya magonjwa 36 ilipangwa kwa uzito, na matano ya juu yakawa kimeta, malale, kichaa cha mbwa, ugonjwa wa kutupa mimba (bruselosi) na homa ya Bonde la Ufa. Orodha kama hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana, kwani mfadhili anapokuja na ugonjwa wake mkononi, mna karatasi ya kumwonyesha.

Nguvu ya kitengo ni watu wawili kukaa chumba kimoja kila siku. Daktari wa mifugo anasikia simu ya mwenzake kabla taarifa haijaandikwa, na mambo mengi huishia hapohapo bila kikao. Kiwango cha chini kinachofanya kazi ni watu wanne: wataalamu wawili wa epidemiolojia, mmoja wa takwimu na mmoja wa utawala. Huyo wa utawala ndiye hukatwa bajeti ikipungua, na akiondoka wataalamu wanaanza kujaza fomu za posho.

Shida zake ni za ndani ya ofisi, nazo si ndogo. Watumishi wanaoazimwa kutoka wizara mbili huja na mishahara na posho tofauti kwa kazi ileile. Wasipolinganishwa mapema, ndani ya mwaka mmoja anayepata kidogo atakuwa amehama. Tathmini ya utendaji ikibaki kwa bosi wa wizara ya mtu, mtu huyo atafanya kazi za wizara yake. Iwekwe saini ya pande zote mbili. Kubwa zaidi, kitengo cha taifa hakina mikono chini. Kenya ilipohamishia huduma za afya na mifugo kwenye kaunti 47 kuanzia 2013, ilibidi kujenga timu za kaunti, kwa sababu mnyama hafi makao makuu.

Na angalia nani analipa. Kitengo kinachoishi kwa fedha za mradi peke yake kina tarehe ya kufa iliyokwisha kuandikwa kwenye mkataba.

Dawati la juu

Tanzania iliweka dawati la uratibu wa Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu, upande wa maafa, likazinduliwa 2018. Kameruni nayo iliuweka mpango wake wa taifa wa magonjwa haya chini ya Waziri Mkuu. Hoja ni nyepesi kuielewa: wizara moja haiwezi kuiita nyingine mkutanoni na kuiamuru, lakini ofisi iliyo juu ya zote inaweza. Aidha, dawati lililo jirani na idara ya maafa hufikia fedha za dharura na vyombo vya usafiri ambavyo kamati haivioni kabisa.

Upungufu wake ni umbali. Dawati ni la watawala, na mambo madogo ya kila siku, kama mbwa mmoja au kondoo watano, hayafiki huko au yanafika yakiwa yamechelewa. Likijaribu kushughulikia kila tukio, hugeuka kituo cha kupokea barua. Lifanye kazi ya kufungua milango iliyofungwa, na kazi ya kitaalamu ibaki kwa watu wenye darubini.

Kwa kutazama haraka:

| | Kamati | Kitengo cha pamoja | Dawati la juu |
|---|---|---|---|
| Muda wa kusimama | Wiki | Miezi 6 hadi 18 | Hutegemea utashi wa juu |
| Hutatua hasa | Taarifa | Taarifa na mipango | Uamuzi na fedha |
| Huvunjika kwa | Wawakilishi kubadilika | Mradi kuisha, posho kutolingana | Mabadiliko ya viongozi, umbali |
| Wanyamapori na mazingira | Wakikumbukwa | Mara nyingi wako nje | Rahisi kuwaita |
| Tukio dogo la kila siku | Husubiri kikao | Hufaa sana | Halifai |

Mgogoro mmoja, mifumo mitatu

Jedwali halionyeshi joto la uamuzi. Chukua homa ya Bonde la Ufa.

Mvua kubwa zinanyesha, mabonde yanajaa maji. Mayai ya mbu wa jenasi ya Aedes yaliyokaa udongoni muda mrefu yanaanguliwa, na baadhi ya mbu wanatoka wakiwa tayari na virusi. Kondoo wanatupa mimba kundi zima, wanakondoo wanakufa. Baadaye kidogo wanaugua waliochinja, waliokamua na waliosaidia wanyama kuzaa; wachache wanatoka damu. Sasa upande wa tiba unaona vifo na kudai, kwa haki kabisa: chanjeni mifugo leo.

Daktari wa mifugo anasita, naye ana haki. Wakati virusi vimo ndani ya damu ya kundi, sindano moja inayopita kutoka mnyama hadi mnyama inaweza kuvibeba. Chanjo hai ya aina ya Smithburn inaweza yenyewe kusababisha mimba kutoka, na hapo hutajua tena kipi ni ugonjwa na kipi ni chanjo. Kinga nayo haijengeki siku hiyohiyo. Chanjo ilitakiwa kabla ya mafuriko. Kwa sasa chenye faida ni kusimamisha uchinjaji na usafirishaji, kupambana na mbu, na kuwazuia watu wasishike vijusi kwa mikono mitupu. Lakini kusimamisha uchinjaji kunakata kipato cha maelfu ya watu, na kutangaza ugonjwa kunaweza kufunga soko la nje kwa muda mrefu.

Kamati itaandika mapendekezo mazuri, kisha yatalala kati ya mawaziri wawili wenye maslahi tofauti. Kitengo kinaweza kufanya kitu bora mapema: kuandika uamuzi kabla ya mvua. Baada ya mlipuko wa 2006–2007 uliozikumba Kenya, Somalia na Tanzania, wataalamu walitunga mwongozo wa aina hiyo, unaofuatanisha hatua na dalili. Tahadhari ya mvua ikitoka, fanya hili. Mafuriko yakitokea, lile. Mbu wakijaa, jingine. Mnyama wa kwanza akithibitishwa, jingine tena. Dawati nalo ndilo lenye ubavu wa kuamuru kufungwa kwa minada na kutafuta fidia. Kwa hiyo kwa ugonjwa wa aina hii jibu la kweli ni kitengo cha kuandika na dawati la kutia saini. Mkichagua kimoja tu, chagueni kitengo, ila mwongozo wake uwe umesainiwa na mawaziri wakati wa kiangazi, vichwa vikiwa vimetulia.

Takwimu: mfumo mmoja au miwili iliyofungamanishwa?

Wazo la kujenga mfumo mmoja wa kompyuta kwa wote huvutia sana. Kwa nchi kubwa au yenye mifumo iliyokwisha kuzoeleka, tunalipinga. Hospitali hairuhusiwi kuacha jina la mgonjwa lionekane na ofisa wa mifugo, na mfugaji hataki jina lake lionekane na mnunuzi wa ng'ombe. Mfumo mmoja hutumia miaka kubishania nani aone nini. Kinachofanya kazi ni mifumo miwili na daraja jembamba: namba moja ya tukio, pamoja na vipengele vichache vinavyovuka.

Vipengele hivyo visizidi kumi. Namba ya tukio. Tarehe ya dalili ya kwanza, si tarehe ya kuripoti. Mahali, kwa msimbo wa eneo dogo kabisa la utawala. Spishi. Walioathirika. Waliokufa. Jumla ya waliokuwa hatarini. Namba ya sampuli. Matokeo. Simu ya ofisa.

Matatizo matatu huua daraja hilo. La kwanza ni mahali. Takwimu za tiba humwandika mgonjwa kwenye kituo alikotibiwa, wakati maambukizi yaliingia kwenye zizi lililo mbali na hapo, kwa hiyo ramani ya watu na ramani ya mifugo hazikutani hata kama tukio ni moja. Ongeza swali moja kwenye fomu ya mgonjwa: "Siku 14 kabla ya kuugua ulikuwa wapi, na uligusa mnyama gani?" Rekebisha idadi ya siku kulingana na ugonjwa. La pili ni kigawanyo: upande wa mifugo huandika "wamekufa 12" bila kusema kati ya wangapi, na 12 kati ya 15 si sawa na 12 kati ya 3,000. La tatu ni kizingiti cha kuripoti. Daktari wa watu huripoti akishuku. Daktari wa mifugo, kwa kuogopa soko kufungwa, husubiri maabara. Msipokubaliana kwa maandishi ni dalili gani inatosha kupiga simu, upande mmoja utaonekana unaficha na mwingine utaonekana unapiga kelele.

Faida ikionekana huwa kubwa. Kaskazini mwa Italia mbu na ndege hupimwa msimu wote kutafuta virusi vya Nile Magharibi, na vikionekana katika eneo, damu inayochangwa na watu wa eneo hilo huanza kupimwa. Matokeo ya mtego wa mbu yanabadilisha kazi ya benki ya damu. Huo ndio mfano wa daraja lenye maana: upande wa pili una hatua iliyokwisha kuandikwa ya kuchukua.

Maabara

Canada imeweka maabara za juu kabisa za usalama za watu na za wanyama katika jengo moja huko Winnipeg. Kwa virusi vinavyohitaji vyumba vya usalama wa ngazi ya 4 ni uamuzi mzuri, kwa kuwa gharama za kuviendesha ni kubwa mno. Kwa maabara za kawaida hatuoni haja ya jengo moja. Maabara za tiba hukaguliwa kwa kiwango cha ISO 15189 na zile za mifugo aghalabu kwa ISO/IEC 17025, hivyo vitabu vya taratibu ni viwili hata mkikaa chumba kimoja. Na mlipuko ukija, sampuli za watu husukuma za wanyama nyuma ya foleni, ilhali ya mnyama huenda ndiyo yenye jibu la chanzo. Fanyeni makubaliano ya kugawana vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na kubadilishana sampuli, na mtenge idadi fulani ya nafasi kwa siku zisizoguswa kwa ajili ya wanyama.

Uwandani: pamoja au sambamba?

Timu mbili zinazokwenda siku tofauti hugharimu zaidi na humchosha mfugaji anayeulizwa yaleyale mara mbili, tena kwa majibu yasiyolingana. Pamoja ni bora karibu kila mara. Isipokuwa moja: pale watu wanapoogopa kwamba ukaguzi utaishia kwa mifugo yao kuuawa au wao kukamatwa kwa sababu ya vibali vya kazi, timu ya afya iende kwanza peke yake. Mafua ya ndege yalipoonekana kwa ng'ombe wa maziwa Marekani mwaka 2024, kuwafikia wafanyakazi wa mashambani lilikuwa jambo gumu kweli.

Timu ya pamoja iwe na mtaalamu wa tiba, daktari wa mifugo, mtu wa maabara na mwasiliani na jamii. Mtaalamu wa wadudu au wa wanyamapori huongezwa kwa kadiri ya tukio. Kiongozi awe mmoja, na atajwe kabla ya gari kuondoka. Sampuli zifungwe tabaka tatu: chombo kisichovuja, chombo cha pili chenye kifyonza maji, na kasha gumu la nje. Za joto la nyuzi 2 hadi 8 zifike ndani ya siku mbili tatu. Zikizidi hapo zinahitaji baridi kali ya nyuzi −70 au chini yake. Mzoga unaoshukiwa kimeta usipasuliwe hata kidogo, maana bakteria wakikutana na hewa hutengeneza mbegu zinazodumu udongoni miaka mingi. Damu kidogo ya sikio inatosha. Mtu wa tiba aliyezoea kuchunguza maiti huenda asilijue hilo, na hapo ndipo uwepo wa daktari wa mifugo unaokoa kijiji kizima.

Mahali ambapo mpango huu huonekana vizuri zaidi ni kwa mtu aliyeumwa na mbwa. Anafika kituoni, jeraha linaoshwa kwa maji tele na sabuni dakika 15, chanjo inaanza hapohapo, kwa mfano ndani ya ngozi sehemu mbili, mililita 0.1 kila moja, siku ya 0, ya 3 na ya 7, na kinga ya ziada kwenye jeraha likiwa baya. Huku akitibiwa, muuguzi anampigia ofisa mifugo. Ofisa anamtafuta mbwa. Mbwa akiwa hai na mzima baada ya siku 10, hakuwa akiambukiza siku alipouma, na chanjo iliyosalia inaweza kusimamishwa. Akifa au akitoweka, mgonjwa anamaliza dozi, ubongo wa mbwa unapelekwa maabara ukipatikana, na wengine walioumwa naye wanasakwa. Simu moja inaokoa dozi zisizohitajika na kumpata mtoto ambaye hakufika kituoni kabisa. Kama wilaya yenu haina chochote, anzeni na simu hii. Haihitaji dawati wala kitengo, na inawazoeza watu wale wale mtakaowahitaji siku ya ugonjwa mgeni.

Fedha

Nchini Mongolia, mwaka 2003, uchambuzi wa chanjo ya mifugo dhidi ya bruselosi ulionyesha faida ya jumla kama mara 3.2 ya gharama, ukijumlisha tiba iliyookolewa, kipato cha kaya na mazao ya mifugo. Lakini wizara ya afya peke yake ikitakiwa kulipa chanjo yote, haioni faida hiyo, kwani sehemu kubwa inaangukia kwa wafugaji. Gharama zikigawanywa kulingana na nani anafaidika, mpango unakuwa wa bei nafuu kwa kila upande. Nchini Chad, timu za chanjo za watoto na za mifugo ya wafugaji wahamaji zilitumia magari na majokofu yaleyale, na watoto ambao awali hawakufikiwa wakachanjwa.

Mfuko wa pamoja ni mgumu kisheria katika nchi nyingi. Njia iliyo rahisi ni kila wizara kuwa na kifungu chake cha bajeti chenye jina lilelile, na hati ya makubaliano kutaja kila upande unalipa nini: mafuta nani, posho nani, vitendanishi nani. Hati isiyotaja mafuta haijakamilika.

Basi, uchague kipi?

Kama kwamo ni taarifa na matukio ni machache kwa mwaka, kamati yenye katibu makini inatosha, na usiruhusu mtu akuuzie kubwa zaidi. Kama mna magonjwa ya kudumu, kichaa cha mbwa, kimeta, bruselosi, jengeni kitengo, muanze na bajeti ya serikali hata ikiwa ndogo. Kama mipaka, minada, hifadhi na maafa huingia kila mara, mnahitaji dawati, ila chini yake pawe na kitengo. Dawati peke yake ni kichwa bila miguu.

Bado mna shaka? Fanyeni jaribio la saa 24, bila kumwonya mtu. Ijumaa saa kumi na moja jioni ofisa mifugo mmoja apige simu: kondoo 30 kati ya 80 wametupa mimba, na mchungaji ana homa. Andikeni saa ya kila hatua: simu kupokelewa, upande wa tiba kujulishwa, mtu kutajwa kuwa kiongozi, gari na mafuta kupatikana, idhini ya kuzuia uchinjaji kutoka. Mkikwama kwenye hatua mbili za kwanza, orodha ya namba za simu na kamati vitawafaa. Mkikwama kwenye ya tatu, ni kitengo. Gari likikosekana, rudini kwenye vifungu vya bajeti. Na kama hadi Jumamosi jioni kila mtu yuko tayari lakini hakuna wa kutia saini, mnahitaji dawati.